Swali, mfuko au kadi: namna za kunakili dawa za wazee kwenye utafiti, na msimbo upi unakufaa

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu, karibu."

Mdadisi wetu akaketi kwenye jamvi, akawasha kishikwambi, akaenda na dodoso mpaka swali la dawa: je, kuna dawa yoyote unayotumia kwa sasa? "Sina, mjukuu wangu. Mimi mzima." Akaweka hapana, akaendelea. Tulipofika kwenye kupima presha, bibi akatoa mkono huku anatutahadharisha: "Leo itakuwa imepanda. Kidonge changu cha asubuhi sijakimeza, niliwasubiri nyinyi." Kidonge kipi tena, bibi? "Cha presha. Kile si dawa, kile ni chakula changu cha kila siku."

Bibi hakudanganya. Kwake dawa ni kitu unachotumia ukiumwa, ukapona, ukaacha. Kidonge cha kila siku mpaka kufa kina jina jingine. Aliyekosea ni sisi tulioandika swali.

Nimeanza na bibi kwa sababu anayepanga utafiti wa afya ya wazee ana maamuzi mawili mezani: habari ya dawa utaipataje, na ukishaipata utaipa msimbo gani, yaani zile herufi na namba za kuitambulisha kila dawa kwenye takwimu. Vikaoni watu hubishana sana kuhusu la pili, maana lina majina makubwa na programu za kompyuta. La kwanza wanalimaliza kwa swali moja lililonakiliwa kutoka dodoso la watu wengine. Mimi ningegeuza muda wa kikao. Msimbo uliokosewa utarudiwa mwakani ofisini, mnakunywa chai. Dawa ambayo haikuandikwa siku ile pale jamvini, hiyo imeshakwenda.

Swali tupu na swali lenye orodha

Swali tupu ni lile la "unatumia dawa gani?" na nafasi ya kuandika jibu. Ni rahisi, linachukua dakika moja au mbili, halihitaji mdadisi aliyesomea dawa. Linachokupa ni kile mhojiwa anachokiita dawa, na kwa majina anayoyajua yeye: ya presha, ya sukari, ya miguu, "kile cheupe kidogo". Huwezi kukipa msimbo kidonge cheupe kidogo.

Swali lenye orodha linataja aina mojamoja. Utafiti wa SHARE wa Ulaya, ulioanza kukusanya takwimu mwaka 2004 kwa watu wa miaka 50 na zaidi, unamwonyesha mhojiwa kadi yenye aina za dawa na kumuuliza zipi anatumia angalau mara moja kwa wiki: za lehemu, za presha, za kisukari na kadhalika. Ukishamaliza hapo umemaliza. Hakuna kuandika jina, hakuna kuweka msimbo, na nchi nyingi zenye lugha tofauti zinalinganishika. Gharama yake ni kwamba hutajua kamwe kama yule mama wa presha alikuwa kwenye amlodipini au atenololi.

Kwa wazee wetu orodha ina faida nyingine: inaamsha kumbukumbu. Ukimuuliza mzee "ya macho je? Ya kifua? Ya usingizi? Ya kuchua magoti?" utamwona anakumbuka kitu kila unapotaja. Hivyo kama unachotaka kujua ni wangapi kati ya wenye presha wako kwenye matibabu, basi. Chukua orodha, usijitwishe mzigo wa majina na miligramu usiokuwa na kazi nao. Nimeona tafiti zilizokusanya majina ya dawa kwa jasho, na ripoti ikatoka na sentensi moja: kadhaa walikuwa wanatumia dawa.

Mfuko

Njia ya tatu ni kumwomba mzee alete kila alichonacho, mdadisi asome mwenyewe. Wamarekani wameizoea. Utafiti wao wa moyo na mishipa kwa wazee, Cardiovascular Health Study, ulioanza mwaka 1989 na kufikia watu 5,888 wa miaka 65 na zaidi, uliwaomba wahojiwa walete makopo ya dawa walizotumia kwa wiki 2 zilizopita, na kilichonakiliwa ni kile kilichoandikwa kwenye lebo. Health ABC, wa watu 3,075 wenye miaka 70 hadi 79 maeneo ya Pittsburgh na Memphis, ukafuata njia hiyohiyo. NHANES, utafiti wa taifa wa afya na lishe wa hukohuko Marekani, wanaomba kuona kopo pia, ila wanarudi nyuma siku 30.

Ukisoma taratibu zao utadhani kazi ni kunakili tu. Kumbuka kopo la kwao lina lebo: jina la mgonjwa, jina la dawa, miligramu, maelekezo, duka lililotoa. Sasa njoo uone linalomwagwa jamvini kwetu. Kwanza vibahasha vya plastiki vyenye kufungwa kwa kubana, juu vimeandikwa kwa kalamu 1x2 na basi. Halafu karatasi ya vidonge iliyokatwa kwa mkasi: duka liliuza vidonge vinne, na lile pande lenye jina na tarehe ya kuisha muda limebaki kwa muuzaji. Chupa ya dawa ya kikohozi iliyowekwa mafuta ya nazi. Kopo la maziwa ya mtoto lenye vidonge vya rangi tatu vimechanganyika. Na katikati ya hayo yote, karatasi moja safi kabisa, jina linasomeka, miligramu zinasomeka, na muda wake ulikwisha mwaka juzi.

Pamoja na hayo, kwa anayetaka majina ya dawa, mfuko bado ndiyo chaguo langu. Lakini mdadisi asinakili tu, aulize. Kwa kila kitu kilichotoka mfukoni kuna swali moja ambalo halirukwi: hii ulitumia mara ya mwisho lini? Bila hilo utahesabu makumbusho. La pili ni: hii aliandikiwa nani? Mzee mmoja alitutolea enalaprili, tukaandika. Mkewe akacheka kutoka jikoni: "Hizo zangu! Zake zikiisha ananiazima." Kuazimana dawa ya presha kati ya mume na mke ni jambo la kawaida kabisa, na kwenye kadi za kliniki huwezi kuliona.

Halafu kuna visivyokaa mfukoni. Insulini iko ndani ya mtungi wa maji au kwenye friji la jirani. Matone ya macho yako dirishani. Dawa ya kuchua iko chini ya mto. Pampu ya pumu iko mfukoni mwa koti la msikitini. Mdadisi anayesubiri aletewe ataondoka bila hivyo, kwa hiyo ile orodha ya kukumbushia niliyoitaja juu tunaitumia hapa pia, baada ya mfuko kumwagwa. Na kuna dawa zinazofichwa kwa makusudi, hasa za VVU. Mzee wa miaka 68 hatazitoa mbele ya mkamwana na wajukuu, na hana sababu ya kuzitoa. Kama utafiti wako unazihitaji, tafuta faragha kwanza. Kama hauzihitaji, usimlazimishe mtu kumwaga siri yake barazani kwa sababu ya safu moja ya jedwali. Suala la kupiga picha vifurushi nalo liko hapohapo. Picha inasaidia sana ofisini, lakini kibahasha mara nyingine kina jina la mgonjwa au namba ya jalada. Kamati ya maadili itauliza, na itakuwa sahihi.

Kwa mzee aliyeanza kusahau, mwulize anayempa dawa. Mara nyingi ni binti au mkamwana, na yeye ndiye anayejua kwamba cha usiku huwa kinatemwa.

Gharama ya mfuko ni muda na mafunzo. Mzee mwenye dawa nyingi anakula robo saa peke yake. Mdadisi anahitaji siku ya kushika vifurushi vya kweli mkononi, siyo kuonyeshwa slaidi, ajue kutofautisha jina la biashara na jina la kitaalamu lililoandikwa kwa herufi ndogo chini yake.

Kadi, daftari na kompyuta

Nchi za kaskazini mwa Ulaya zina jibu ambalo linatia wivu. Sweden tangu Julai 2005 kila dawa inayotolewa dukani kwa cheti inaingia kwenye rejista ya taifa pamoja na namba ya mtu. Huko Uholanzi, utafiti wa Rotterdam ulipata kumbukumbu za maduka ya dawa ya kitongoji cha Ommoord kuanzia mwaka 1991, siku kwa siku. Mtafiti wa huko hamsumbui bibi kabisa. Hata hivyo rejista inajua kilichotolewa. Kilichomezwa haikijui, wala vilivyonunuliwa bila cheti, na kwa wazee hivyo vya bila cheti ndivyo vya maumivu vinavyoharibu figo na tumbo.

Kwetu kinachokaribia hapo ni kadi ya kliniki ya presha na kisukari. Ni hazina kwa jambo moja: jina la dawa na dozi vimeandikwa na mtu anayejua anachoandika, ingawa mwandiko wake unaweza kukutoa machozi. Mzee aliyeleta kibahasha kisicho na jina na kadi pamoja, utaoanisha viwili hivyo na utapata jibu. Lakini kadi peke yake inakuambia alichoandikiwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania ya mwaka 2003 iliweka nia ya wazee kutibiwa bure, na wengi wana msamaha. Bado dirishani ataambiwa hii hakuna, kanunue nje. Akienda kununua atapata nyingine ya kundi hilohilo, au atanunua nusu, au atarudi nyumbani. Kadi haitasema. Maduka ya dawa muhimu, yale yaliyoanzia Ruvuma mwaka 2003 na kuenea nchini, yako karibu na watu kuliko hospitali, na ununuzi wa pale kwenye kadi haumo.

Kwa hiyo kadi ni shahidi wa pili. Kuichukua kama njia pekee ninaona inafaa sehemu moja tu: unapochunguza madaktari wanaandika nini. Hapo wala usiende nyumbani kwa mtu.

Neno kuhusu muda wa kurudi nyuma. Siku 14 zinakumbukika vizuri, na tafiti nyingi za wazee zimekaa hapo. Siku 30 zinaendana na mzunguko wa kliniki zetu, maana wengi wanapewa dawa za mwezi. Tatizo la siku 14 kwetu ni yule ambaye zilimwishia wiki tatu zilizopita na tarehe ya kliniki haijafika: ataonekana hajawahi kutibiwa. Tatizo la siku 30 ni kwamba panadoli ya tarehe 4 imeshasahaulika. Sisi tulichukua siku 14 na kuongeza swali moja: kuna dawa ya kila siku ambayo imekuishia? Lile swali moja lilituokoa kuliko marekebisho mengine yote ya dodoso.

Andika kwanza maneno, msimbo baadaye

Kishikwambi kinakupa njia mbili. Moja, mdadisi aandike jina kama lilivyo kwenye kifurushi, herufi kwa herufi. Nyingine, achape herufi chache na programu imletee orodha achague. Ya pili inavutia: hakuna makosa ya tahajia, msimbo unaingia wenyewe. Sasa chapa "am" uone. Inakuja amiloridi, aminofilini, amiodaroni, amitriptilini, amlodipini, amoksisilini. Jua kali, nyumba ya tisa, kidole kinateleza. Bibi wa presha anageuka kuwa na dawa ya sonona, na huna namna ya kugundua kwa sababu kilichobaki kwenye takwimu ni jina safi, sahihi kitahajia, la dawa isiyo yake.

Maandishi yenye makosa yana huruma zaidi. "Amlodipin 5" au "amrodipine" mfamasia ofisini anaitambua mara moja. Kwa hiyo kama unaweza kupata vyote viwili, orodha na nafasi ya maandishi, chukua vyote. Kama ni kimoja, mimi ningechukua maandishi.

Safu ninazoona hazipunguziki: jina kama lilivyoandikwa, miligramu, umbo (kidonge, matone, sindano, ya kupaka), ngapi kwa siku kwa maelekezo, ngapi kwa siku anavyotumia kweli, mara ya mwisho, na mdadisi alikiona kifurushi au aliambiwa tu. Hiyo ya mwisho inasahaulika sana, na ndiyo itakayokuruhusu baadaye kutenganisha takwimu nzito na nyepesi.

Sasa misimbo

ATC, mpangilio wa kimataifa wa misimbo ya dawa, inatoka Oslo, kwenye kituo kinachoshirikiana na Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 1982. Dawa inapewa herufi na tarakimu saba kwa ngazi tano. Chukua C08CA01: C ni moyo na mishipa, C08 ni dawa za kuzuia njia za kalisi, inashuka hivyo mpaka 01 ya mwisho ambayo ni amlodipini yenyewe. Uzuri wake ni kwamba unaweza kukata popote. Ukitaka wote wa moyo na mishipa, kata herufi ya kwanza. Ukitaka amlodipini, soma zote saba. Makundi makuu ni 14, kutafuta dawa mojamoja kwenye tovuti yao ni bure, na marekebisho hutoka kila mwaka, hivyo andika umetumia toleo la mwaka gani.

Wengine nitawapitia haraka. Waingereza wana mpangilio wa BNF, kitabu chao cha mwongozo wa dawa, ambao ELSA, utafiti wao wa wazee, umeutumia: amlodipini iko sehemu ya 2.6.2. Unasomeka vizuri kwa daktari, lakini dawa isiyotumika Uingereza inakosa kiti. RxNorm ya maktaba ya taifa ya tiba ya Marekani ni ya bure na ina kina kuliko zote, inatenganisha kiambato, nguvu na umbo. Ila 17767, namba yake ya amlodipini, haikuambii chochote kwa macho, huwezi kuikata kupata kundi, na majina ni ya Kimarekani: parasetamoli huko ni asetaminofeni na glibenklamidi ni glaiburaidi. WHODrug ya Uppsala inajua majina ya biashara ya nchi nyingi na imejengwa kwa majaribio ya dawa na taarifa za madhara, inahitaji leseni. Orodha ya taifa ya dawa muhimu, yetu au ya Kenya, imepangwa kwa ajili ya kununua na kugawa kwa ngazi ya kituo. Inafaa kama kamusi ya kusahihisha tahajia, na mimi naitumia hivyo. Isiwe msimbo wako.

Ninachagua ATC, basi. Lakini ATC ina mitego, na mitego yake iko hasa kwenye dawa za wazee. Nitaonyesha kwa mzee mmoja wa kubuni, mwenye mfuko wa kawaida kabisa.

| Alichosema | Kilichoonekana | ATC |
|---|---|---|
| "Ya presha" | Losatani 50 mg na hidroklorothiazidi 12.5 mg, kidonge kimoja | C09DA01 |
| "Aspirini ya moyo" | Aspirini 75 mg | B01AC06 |
| "Ya sukari" | Metformini 500 mg, 1x2 | A10BA02 |
| Hakuitaja | Timololi, matone ya macho | S01ED01 |
| Hakuitaja | Diklofenaki ya kupaka | M02AA15 |

Anza na ya kwanza. Kidonge kina dawa mbili, ya pili ikiwa ya kutoa maji mwilini. Dawa za kutoa maji kwenye ATC ni C03. Mchambuzi akiomba kompyuta imletee wote wenye C03, mzee huyu haji, kwa sababu msimbo wa mchanganyiko umekaa chini ya C09. Baadaye mtaandika kwamba matumizi ya dawa za kutoa maji ni madogo, kumbe zimejificha ndani ya vidonge vya watu.

Aspirini: bila miligramu huwezi kuiwekea msimbo. Ya 75 ya kuzuia damu kuganda ni B01AC06, ya kutuliza maumivu ni N02BA01. Mdadisi aliyeandika "aspirini" tu amekuachia kurusha shilingi. Diklofenaki nayo: kidonge ni M01AB05, ya kupaka ni M02AA15, ya macho ni S01BC03. Ndiyo maana safu ya umbo haikwepeki. Na timololi ya machoni ni ndugu wa atenololi, beta-bloka, yaani dawa za kupunguza kasi ya mapigo ya moyo, inafyonzwa na kufika kwenye moyo, na mzee mwenye mapigo ya polepole anaweza kuanguka kwa sababu yake. Ukitafuta beta-bloka kwa C07, kundi lao kwenye ATC, haipo.

Halafu hesabu. Tafiti nyingi husema mzee ana dawa nyingi zikifika tano. Huyu ana ngapi? Kwa maneno yake, tatu. Kwa vifurushi, tano. Kwa viambato, sita. Ukiacha ya macho na ya kupaka, vifurushi vitatu au viambato vinne. Mzee ni yuleyule na mfuko ni uleule. Ni uamuzi wako wa ofisini unaomtia kwenye kundi la hatari au kumtoa. Kwa hiyo karibu na safu ya ATC weka jedwali la pili, dogo, linalovunja kila kifurushi kuwa viambato vyake. Kazi ya siku mbili kwa mfamasia, maana majina yanayojirudia ni mengi na yasiyojirudia machache.

Metformini inatuleta kwenye DDD, kipimo cha siku kinachoambatana na ATC. Kwa metformini ni gramu 2, kwa amlodipini miligramu 5, kwa enalaprili miligramu 10. Mzee wetu anameza gramu 1, yaani nusu ya DDD. Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniletea jedwali lenye kichwa "wanaotumia chini ya dozi" lililotengenezwa hivyo. DDD siyo dozi anayopaswa kupewa mtu. Ni wastani wa kukadiria kwa mtu mzima kwa matumizi makuu ya dawa, umewekwa ili nchi na miaka vilinganishwe. Wazee wengi wanapewa kidogo kwa sababu za haki kabisa, figo zikiwa ya kwanza. Kwa kulinganisha wilaya mbili, itumie. Kumhukumu mtu mmoja, weka chini.

Na mitishamba? Mlonge, muarobaini, tangawizi na vitunguu saumu vilivyosagwa, maji ya chupa aliyopewa na mtu asiyetaka kumtaja. Sehemu kubwa haina kiti kwenye ATC. Tengeneza misimbo yako mwenyewe inayoanza na herufi isiyotumika huko, mathalani Z, na uandike jina kama mzee alivyolitamka, kwa lugha yake. Usiiache eti haina msimbo.

Kipi kwa nani

Ukiwa mwanafunzi mwenye miezi mitatu na fedha ya nauli tu, swali lenye orodha ya aina za dawa linakutosha, na usiandike kwenye ripoti kwamba umepima dawa nyingi kupita kiasi, maana hukuzipima. Ukitaka kuangalia dawa zisizowafaa wazee kwa vigezo vya Beers, vilivyoanza mwaka 1991 na kuhuishwa mara ya mwisho ninayoitumia mwaka 2023, au STOPP vya Waayalandi, unahitaji mfuko, ATC mpaka ngazi ya tano, miligramu, na magonjwa ya mzee. Bila magonjwa sehemu kubwa ya vigezo hivyo haifanyi kazi. Glibenklamidi peke yake utaikamata kwa A10BB01, na klorofeniramini, ile watu wanayoiita piritoni, kwa R06AB04. Nyingi ya nyingine zinasema "haifai ikiwa ana".

Ukifuatilia wazee walewale kwa miaka, mfuko tena, na umbo la swali lisibadilike kati ya awamu na awamu hata kama umegundua bora. Ongeza swali jipya pembeni, la zamani libaki. Vinginevyo utashangilia ongezeko la matumizi ambalo umelitengeneza mwenyewe.

Na waweka misimbo wawe wawili, kila mmoja peke yake, mmoja mfamasia. Wanapotofautiana wakae chini waamue, na uamuzi uandikwe kwenye daftari moja: "losatani H, C09DA01", "aspirini bila miligramu, mara moja kwa siku, ana ugonjwa wa moyo, B01AC06, alama ya shaka". Daftari hilo ndilo awamu ijayo itakaloanzia.

Yule bibi wa chakula cha kila siku tulirudi kwake jioni ileile, kwa sababu nyumba yake ilikuwa njiani. Akaingia ndani, akatoka na kopo, na ndani mna karatasi yenye jina lake lote: amlodipini 5 mg, kimoja kwa siku, mara ya mwisho jana asubuhi. Mdadisi akataka kulifuta lile hapana la asubuhi. Nikamwambia aliache kwenye safu yake, haya mapya ayaandike kwenye safu ya mfuko.